Anambwekea Nani?

Hotuba kwa wakazi wa mtaa mmoja wa jijini Tanga, kama ilivyoandikwa upya na msemaji mwenyewe

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, shehe wetu, mchungaji, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliopanda ukutani: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wote, habari za jioni.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye yule bwana mifugo mstaafu aliyekuwa akipita na boksi la barafu begani kutangaza chanjo, na watoto wakikimbia nyuma kana kwamba nauza aiskrimu. Miaka 31 nimechanja ng'ombe, mbuzi na mbwa wa mkoa huu, toka Lushoto mpaka Pangani. Nimeumwa mara nne. Mara tatu kati ya hizo mbwa alikuwa hajabweka hata kidogo, na hilo nitalirudia.

Leo sijaja na sindano. Mwenyekiti ameniambia kwamba kwenye daftari lake la malalamiko mbwa sasa wamewapita hata wanaogombea mipaka ya viwanja. Hapo nikajua hali ni mbaya, maana kwa ugomvi wa mipaka mtaa huu hauna mpinzani.

Tena mwezi uliopita mbwa watatu waliokotwa mtaroni wamekufa. Sijaja kumtafuta aliyeweka sumu. Nadhani ni mtu aliyekosa usingizi siku nyingi, akamwendea mwenye mbwa mara ya kwanza, mara ya pili, akajibiwa, "Kwani anakubwekea wewe?" Lakini nyama ile haina jina la aliyekusudiwa. Kuku huokota, paka huokota, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu. Na ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008: kumtesa mnyama ni kosa, awe wako au wa jirani. Mengine nawaachia wenyewe. Linalonikera mimi kama mtu wa mifugo ni kwamba haikusaidia. Nyumba moja kati ya zile tatu imeshaleta mbwa mwingine, mdogo, kafungwa mnyororo ule ule, mahali pale pale. Ngojeni miezi sita. Mtaisikia sauti ile ile, kwa sababu kelele ilikuwa imekaa kwenye mnyororo, na mnyororo haukula sumu.

Kwa hiyo naomba tubadilishe swali. Watu huuliza: mbwa huyu atanyamaza lini? Mimi nauliza: anambwekea nani? Kiswahili kimeshatusaidia kwa kutupa neno hilo, kubwekea. Mbwa habweki hivi hivi. Ana anayemfukuza, au ana anayemwita, au ana anayemjibu, na kila mmoja ana sauti yake.

Kule Budapest, Hungaria, katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Péter Pongrácz na wenzake walirekodi mbwa wa kuchungia wa kwao waitwao mudi. Mmoja mgeni kamjia getini, mwingine kafungwa mtini kaachwa peke yake, mwingine anataka mpira wake, mwingine yuko mchezoni. Kisha wakawaita watu wasikilize tu, bila kuona. Mwaka 2005 wakachapisha walichokuta: watu walitambua hali ya mbwa kuliko mtu anayebahatisha, hata wale ambao hawajawahi kufuga. Sauti nzito zinazofuatana haraka, watu wakasema huyu kakasirika. Sauti nyembamba zenye nafasi katikati, wakasema huyu anaogopa, au kakata tamaa. Kabla yao, mwaka 2002, Sophia Yin wa California alikuwa ameshaonyesha jambo linalofanana na hilo: mbwa aliyesikia kengele ya mlango hutoa sauti nzito ya kukwaruza, na aliyefungiwa peke yake hutoa nyembamba, moja moja.

(Hapo nilibweka mbele ya mkutano, mara mbili, kila namna mara moja. Nimejaribu kuiandika milio hiyo hapa nimeshindwa. Watoto walipata zote mbili. Mzee mmoja alisema ya pili ilikuwa ya mbuzi.)

Sasa niwape usiku mmoja. Jirani yangu, mama mtu mzima, mjane, ana mbwa anaitwa Simba. Watu wa Yanga mnisamehe, jina lilitolewa na marehemu mume wake. Simba alifungwa kwenye mwarobaini karibu na geti, mnyororo wa mita mbili. Mkienda kumwona mbwa wa mnyororo, msimtazame yeye kwanza; tazameni chini. Simba alikuwa amechora duara. Ndani ya duara hakuna jani hata moja, udongo umekuwa mgumu unang'aa kama sakafu iliyokandikwa, na pale mnyororo unapoishia pana mfereji wa kina cha vidole vitatu uliochimbwa na makucha. Upande mmoja mfereji umezidi kina: upande wa geti. Na geti lenyewe ni la bati, chini limeachia nafasi kama shubiri. Basi maisha yote ya Simba yalikuwa kutazama miguu. Miguu ya watu, ya mbuzi, magurudumu ya bodaboda, na hapa kwetu Tanga magurudumu ya baiskeli toka alfajiri mpaka usiku. Vinatokea kushoto, vinapotelea kulia.

Mama akaniambia mbwa anabweka usiku kucha. Nikachukua daftari la shule, nikakaa barazani kwake toka saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Nililoandika ni hili. Saa 4:40, bodaboda inashusha abiria: dakika 3. Saa 5:15, mbwa wa nyuma ya shule kaanza, Simba kajibu, mtaa mzima ukaitikia: dakika 11. Halafu kimya kirefu, kalala kajikunja, hata anaota, miguu inachezacheza. Saa 9:20, walevi wawili wanabishana: dakika 6. Saa 11:05, adhana ya alfajiri, hapo hakubweka, alilia ule mlio mrefu: dakika 2. Saa 11:40, muuza mikate na baiskeli yenye kengele: dakika 14, na aliendelea hata mikate ilipokwisha kufika mtaa wa pili.

Jumlisheni. Dakika 36 katika saa 9. Mama alikataa katakata, akasema daftari langu linadanganya. Halikudanganya, wala yeye hakudanganya. Mtu akikatizwa usingizi mara tano hana habari na dakika, anajua tu kwamba hakulala. Lakini kwangu mimi daftari lile lilikuwa dawa nusu, kwa sababu "usiku kucha" haitibiki. Bodaboda, walevi, mbwa wa nyuma ya shule na muuza mikate, hao unaweza kukaa nao mmoja mmoja.

Tazameni pia alichokuwa anapata. Bodaboda imefika, kabweka, imeondoka. Walevi wamepita, kabweka, wameondoka. Muuza mikate kaja na kengele yake, kabweka, kaondoka. Mimi na wewe tunajua muuza mikate alikuwa anakwenda zake. Simba hajui. Kwa hesabu zake yeye ndiye aliyemfukuza. Kila alfajiri anapigana na mtu yule yule, na kila alfajiri anashinda. Ungekuwa wewe ungeacha kazi hiyo?

Najua kuna wenye nyumba wanasema moyoni: mzee huyu anazungumza nini, mimi mbwa nimemweka abweke. Hata mimi nilimweka wangu abweke. Ila niulize: saa 9:20 usiku ule Simba alipowabwekea walevi, nani aliwasha taa? Nilikuwa pale nikitazama. Madirisha yote ya mtaa, giza. Mwenye mbwa mwenyewe aligeukia upande wa pili. Mbwa anayebwekea kila mguu ameshawafundisha majirani kulala, na mwizi wa mjini anaujua mtaa wa namna hiyo kuliko mwenyekiti. Na wale walioniuma kimyakimya ndio wanaonifanya nisiogope kelele peke yake. Mbwa anayebweka bado anazungumza. Aliyenyamaza, kakukodolea macho, mwili umekakamaa, huyo mpishe njia.

Tukumbuke pia kwamba kubweka huku kumekuzwa na sisi binadamu. Mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, babu wa mbwa hawa, akishakuwa mkubwa hubweka kwa nadra, hasa kuonya hatari. Mwaka 1959 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Belyaev, alianza kufuga mbweha kule Siberia, na kila kizazi akizalisha wale tu wasioogopa watu. Vizazi vichache baadaye alikuwa na mbweha wanaotikisa mkia na kulialia wakimwona mtu. Hakuna aliyewafundisha kulia. Alichagua upole, na kelele ikaja na upole. Na kwa majirani zetu Kongo wapo mbwa wa kuwindia wanaojulikana duniani kama basenji, ambao hawabweki kama hawa wetu, hutoa mlio kama wa mtu anayeimba kooni. Wawindaji huwavika kengele ya mti shingoni wajue walipo msituni. Jina hilo, mkilisikiliza vizuri, ni ndugu wa neno letu "washenzi". Aliyewapa jina alikosa adabu, maana mbwa wenyewe wana adabu kuliko wote wa mtaa huu. Kwa upande wa pili, wataalamu wawili wa Marekani, Scott na Fuller, walimhesabia mbwa mmoja wa aina ya cocker spaniel mibweko 907 kwa dakika 10. Kwa hiyo ukienda kununua mbwa, uliza mama yake anabweka namna gani kabla hujauliza rangi.

Sasa tulifanya nini na Simba.

Niseme kwanza tusichofanya, kwa sababu nayaona haya kila siku. Hatukumfokea. Unapofungua dirisha ukapaza sauti "Nyamaza wewe!", mbwa anasikia mkubwa wa nyumba naye kaungana na vita, basi anaongeza. Hatukumpiga, mbwa akipigwa kila muuza mikate anapopita, ndiyo kwanza anapata ushahidi kwamba muuza mikate ni balaa. Hatukumfunga mdomo kwa kamba. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja, mbwa kafungwa mdomo kwa mpira wa baiskeli toka usiku, saa 5 asubuhi jua la Machi, nikakuta hajiwezi. Mbwa hana jasho kama letu. Joto lake analitolea kwa kuhema, ulimi nje. Ukimfunga mdomo kwa joto la Tanga unampika. Wapo wanaokata nyuzi za sauti kwa upasuaji, jambo ambalo mkataba wa Ulaya wa mwaka 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani unalikataza, na wapo wanaouza kola za umeme, ambazo Wales walizipiga marufuku mwaka 2010. Msiniletee. Mbwa ananyamazishwa, anachokiogopa kinabaki pale pale.

Tulianza na geti. Kipande cha bati la zamani, misumari, ile shubiri ikazibwa. Gharama yake sitaitaja maana bati lilikuwa langu. Halafu tukamtoa Simba getini kabisa. Tulivuta waya mnene nyuma ya nyumba, toka nguzo ya jiko mpaka mnazi, tukaupitisha pete ya chuma, mnyororo ukafungwa kwenye pete, akawa anakwenda na kurudi mita kama kumi na mbili kivulini, maji yake karibu. Usiku analala chini ya dirisha la mama, amsikie anavyokohoa. Mbwa ni kiumbe wa kundi. Ukimweka mbali na watu wake anawaita, na ile sauti nyembamba, moja moja, ya mchana kutwa watu wakiwa kazini, ndiyo hiyo. Mjukuu wa mama, kijana wa darasa la sita, akapewa kazi ya kumtembeza jioni mpaka ufukweni. Nikamwambia asimvute, amwache anuse. Yeye alifikiri anamkimbiza mbwa mazoezi; kumbe kunusa ndiko kusoma gazeti.

Chakula nacho. Simba alikuwa anamwagiwa ugali na makombo saa 2 usiku, anamaliza kabla hujageuka, kisha ana karibu saa 24 za kutokuwa na la kufanya. Tukachukua chupa ya maji ya plastiki, kifuniko tukatupa, tukatoboa matundu yanayopitisha dagaa mmoja mmoja, tukaijaza dagaa wakavu. Anaisukuma kwa pua, inabingirika, dagaa mmoja anatoka. Nusu saa hiyo habweki, hana nafasi. Mkifanya hivyo msiondoke, wapo wanaotafuna chupa yenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa muuza mikate. Nilimfuata mwenyewe, nikampa mfuko wa dagaa, nikamwomba akipita arushe watatu juu ya geti bila kusimama. Alicheka sana. Akasema mbwa yule alishamchania suruali mbili, na sasa anaambiwa amlipe. Akakubali. Mjukuu akawa anamleta Simba uani kila alfajiri kwa ajili hiyo. Siku ya kwanza Simba hata hakuwaona wale dagaa, alibweka mpaka kuku wakaamka wakawala. Siku ya pili hivyo hivyo. Hapo nikajua nimekosea mimi, sio mbwa. Tulikuwa tumeanza karibu mno. Mbwa akishapandwa na hasira, hali chakula. Mkishindwa kukumbuka yote niliyosema leo kumbukeni kipimo hicho: mbwa mwenye njaa anayekataa dagaa yuko karibu mno na anachokiogopa.

Tukarudi nyuma. Kijana akakaa na Simba mwisho kabisa wa ua, kengele ikisikika mbali kule kwenye kona ya dukani. Kengele, dagaa. Kengele, dagaa. Kengele ikinyamaza, dagaa wanakwisha. Mpangilio una maana: kengele itangulie. Mara mbili nilimkuta kijana anatoa dagaa kwanza ili "amtulize kabisa", nikamkataza, kwa sababu mbwa si mjinga, atajifunza kwamba dagaa wakitokea bila sababu basi adui yuko njiani. Siku ya tisa nilikuwepo. Kengele ikalia kule konani. Simba akainua masikio, kifua kikajaa, nikasema haya, anaanza. Akageuza kichwa, akamtazama mkono yule kijana.

Toka hapo tulisogea hatua mbili mbili kuelekea getini. Haikwenda moja kwa moja. Wiki ya tatu alikuja mgeni wa mama toka shamba, akamwona mbwa yuko nyuma ya nyumba, akamhurumia mama, akamrudisha Simba getini "ili alinde". Siku mbili tu, na tulipoteza wiki. Leo Simba akimsikia muuza mikate anabweka mara mbili tatu, kisha anakwenda kumtafuta kijana. Bodaboda bado anazibwekea. Walevi tumeamua kuwaacha, acha awabwekee.

Na msidhani mimi nimezaliwa nalijua hili. Mimi mwenyewe nimewahi kufuga kelele. Nilikuwa na jike moja, Pili, mwekundu, mpole. Nikila chakula cha usiku anabweka mlangoni, na mke wangu ananiambia mpe kidogo anyamaze. Nampa tonge, ananyamaza. Baada ya mwezi akawa anabweka hata sijakaa. Nikakasirika, nikaamua simpi. Siku ya kwanza alibweka robo saa, nikashinda. Ya pili, nusu saa. Ya tatu alibweka mpaka sauti ikakwama, jirani akapiga mlango, nikaona aibu, nikampa tonge. Hilo tonge moja ndilo lililoniharibia mwaka mzima. Pili alikuwa amejifunza kwamba bei imepanda kutoka dakika tano mpaka dakika arobaini, ila bidhaa bado ipo dukani. Ni kama mcheza bahati nasibu, hakuna kinachomrudisha kuliko kushinda siku moja asiyoitegemea. Kwa hiyo ukiamua kutomlipa mbwa kelele, waambie kwanza majirani. Waambie itaongezeka kabla ya kupungua, waombe radhi mapema, halafu usiteleze hata siku moja. Na ukimwona kanyamaza mwenyewe, amekaa tu, hapo ndipo umpe. Wengi wetu mbwa akiwa kimya tunamsahau. Ndiyo sababu anatukumbusha.

Mengine nipite haraka. Jike akiwa kwenye joto la kutaka dume, madume ya mitaa mitatu yatakesha getini kwako kwa wiki mbili au tatu. Hapo daftari halisaidii, mwiteni daktari wa mifugo amfunge kizazi. Mbwa mzee anayebweka ukutani usiku huenda masikio yamekwisha au akili imechoka, naye anahitaji taa ndogo na mtu wa karibu. Mbwa aliyeanza kubweka ghafla bila mazoea, mkagueni masikio, kupe na majeraha. Na watoto wa mbwa, kati ya wiki 3 na wiki 12, ndio umri wa kuwaonyesha dunia: mwavuli, baiskeli, kanzu, mtu mwenye mkongojo, mkokoteni. Asichokiona umri huo atakuja kukibwekea akiwa na kilo thelathini.

Mzee wangu hapa mbele ameinua mkono tangu zamani. Anauliza: mbwa akilia ule mlio mrefu usiku, si uchuro?

Mzee, sitaki kugombana na yaliyosemwa na wazee kabla yetu. Nasema tu nilichokiona. Nimesikia mbwa wakilia usiku wa kazi yangu mara nyingi sana, na kesho yake watu wameamka wazima wamekwenda sokoni. Hizo hakuna anayezihesabu. Usiku uliofuatwa na msiba ndio tunaoukumbuka. Ule mlio mrefu ni wa kuitana kwa mbali. Masikio ya mbwa hupata sauti nyembamba za mpaka kama mitetemo 45,000 kwa sekunde, yetu yanaishia 20,000, kwa hiyo mara nyingi anamjibu mtu ambaye wewe hujamsikia. Na sauti yoyote ndefu inayopanda na kushuka humwita aitikie: king'ora cha zimamoto, kwaya ya mkesha, kipaza sauti cha msikiti. Hana kejeli na mtu. Anafikiri ameitwa.

Na nikishataja msikiti, niseme na wenye mbwa wanaowafungua usiku kucha wazagae. Jirani yako ametawadha, anakwenda swala ya alfajiri, mbwa wako anamrukia na mate yake. Kwa madhehebu ya wengi wetu huku pwani, pale palipoguswa na mate ya mbwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Basi arudi nyumbani, aoshe, abadili nguo, na swala ya jamaa imekwisha kumpita. Wahenga walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Huyu hakucheza naye, na bado kamfuata. Hilo si suala la kupenda au kuchukia mbwa. Shehe yupo hapa, atanisahihisha nikikosea: mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa kufugwa, na ipo hadithi ya mtu aliyemteremkia kisimani mbwa mwenye kiu, akamchotea maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. (Shehe aliitikia kwa kichwa.) Mpeni mbwa maji, na mfunge geti.

La mwisho, na hili sina utani nalo. Mkisikia sauti ya mbwa wenu imebadilika, imekuwa ya kukwama, kama mtu mwenye makohozi, mbweko unaanza na kuishia njiani, na mbwa anadondosha mate au hamezi, msimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa hulegeza misuli ya koo, na sauti ni moja ya vitu vinavyoharibika. Nimeona baba akimkagua mbwa koo kwa tochi, vidole vimo ndani, kwa kudhani kakwamwa. Huyo tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano zote, akapona kwa kuwahi. Mtu akiumwa au akilambwa kwenye jeraha, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili akitazama saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni vigumu mno kumwokoa. Na mbwa wachanjwe kila mwaka. Mtaa ukichanja angalau 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa pa kupita.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wenye mbwa naomba mbaki kidogo. Katibu ana madaftari pale mezani, kila nyumba ichukue moja, mpige mistari mtengeneze safu tatu: saa ngapi, alimbwekea nani, alipata nini. Fanyeni usiku tatu. Msiandike "usiku kucha", nitalirudisha daftari. Ijumaa baada ya swala ya isha nitapita nyumba kwa nyumba, na nitaanza na ile yenye geti la bluu, ya kale kambwa kadogo kalikoletwa juzi. Nitakuja na waya wangu na pete. Mwenye nyumba, kama upo hapa, nakuomba jambo moja tu: siku hiyo usimlishe akashiba kabla sijafika.